Maji ya Kunawa

Ngazi za jengo lile zilikuwa ishirini na mbili mpaka ghorofa ya kwanza, na ya kumi na nne ilikuwa na ufa. Mama Ndoo hakuhitaji kuzihesabu. Goti lake la kulia lilikuwa likihesabu lenyewe: likifika ya kumi na nne linatoa mlio mdogo, kama mtu anavunja kijiti, naye anajua zimebaki nane.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wiki ya pili tu tangu aanze kazi ya usafi pale shuleni, miaka kumi na moja nyuma. Walimwona anapanda na ndoo huku na ndoo huku, wakasema basi, huyu ni Mama Ndoo. Lilimganda. Siku moja hata karani wa ofisi aliliandika kwenye orodha ya watu waliopewa glovu, na hakuna aliyeona kosa, mwenyewe akiwa wa kwanza.

Mambo ya maji yalikuwa hivi. Juu ya paa kulikuwa na tenki moja. Pampu ililijaza asubuhi, na maji yake yalitosha maabara na zile sinki sita zilizopangwa ukutani ghorofa ya pili, ambapo wanafunzi hunawa mikono. Vyoo vya ghorofa ya kwanza vilikwisha kufungiwa maji zamani, maana vilikuwa vinalimaliza tenki kabla ya saa nne. Kwa hiyo vyoo vilimwagiwa kwa ndoo, ndoo zilijazwa kwenye bomba la uani, na kutoka uani hadi vyooni maji yalipanda kwa miguu ya Mama Ndoo. Safari kumi na nane kwa siku. Siku ya mitihani, ambapo matumbo ya watoto huwa hayatulii, zilifika ishirini na mbili.

Mwanzoni mwa mwaka ule alikwenda zahanati. Muuguzi alimbonyeza nyonga, akamtazama usoni.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Usafi."

"Usafi wa kubeba?"

"Mwanangu, kuna usafi usiobeba?"

Muuguzi akaandika kitu kwenye cheti, kisha akamsomea kwa lugha ya kawaida: akiendelea hivi mwaka mmoja mwingine, ngazi atazipanda kwa makalio. Atafute kazi ya chini. Mama Ndoo akashukuru, akakikunja cheti mara nne. Pale shuleni kazi ya chini ilikuwa moja tu, ya kufungua geti, na ilikuwa na mwenyewe, tena mwenyewe mzima wa afya. Na shule ikisikia kwamba mtu wa usafi hawezi ngazi, haitaondoa ngazi.

Basi akaendelea kupanda.

*

Kila mwaka, muhula wa pili, kulikuwa na shindano. Wanafunzi walijigawa makundi, kila kundi likabuni kitu cha kuokoa mazingira. Mwalimu wa sayansi, aliyelisimamia, alikuwa mtu mwema mwenye haraka, mikono yake siku zote imejaa karatasi, na neno lake alilolipenda lilikuwa "endelevu". Aliliandika kwa herufi kubwa kwenye bango juu ya mlango wa maabara. Mama Ndoo, aliyeishia darasa la nne, alilisoma kwa kulikatakata, en-de-le-vu, kila alipopita na dekio, mpaka likawa kama jina la jirani.

"Endelevu ndiyo nini?" mdogo wake alimuuliza jioni moja. Huyu mdogo wake alikuwa msusi. Waliishi pamoja vyumba viwili, na kila jioni alimkanda mgongo kwa vidole vile vile vilivyoshinda vikisuka vichwa vya watu.

"Kitu kisichoisha. Kinaendelea tu."

"Basi ni hii nyonga yako."

"Ibonyeze polepole, wewe. Hiyo si nywele."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, kinachoanza vizuri kikaishia kwenye pumzi.

Alichokijua Mama Ndoo kuhusu shindano ni kilichobaki likishaisha. Chini ya ngazi kulikuwa na stoo yake ya madekio, na humo ndimo ubunifu ulimokuja kupumzika. Kulikuwa na mapipa matatu ya rangi tatu, ya kutenga taka za karatasi, za plastiki na za chakula. Yalishinda kwa kishindo, na wanafunzi walitenga taka kwa wiki tatu, ingawa gari la taka lilipokuja lilimimina yote matatu mahali pamoja. Kulikuwa na baiskeli ya kuzalisha umeme, kiti chake kimetoweka. Kulikuwa na jiko la jua lililofunikwa karatasi za kung'aa, ambalo panya walilipenda kuliko jua lilivyolipenda. Ukuta wa chupa ulibomolewa baada ya mbu kuhamia na ukoo mzima, lakini chupa zilibaki, magunia manne. Kila mwaka dunia iliokolewa, na kila mwaka stoo ya Mama Ndoo ilipungua hatua moja. Sasa dekio aliliegemeza nje.

Hakuwachukia watoto. Walikuwa na macho mazuri walipokuwa wakijenga. Ila walikuwa wakijenga kwa ajili ya siku moja, na yeye alikuwa akiishi siku zilizobaki.

*

Mwaka ule kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu mwenye miwani mizito iliyomteleza puani. Wenzake walimwita Miwani, na hakujali. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na daftari, hana wazo, na siku za kuandikisha miradi zilikuwa zinakwisha. Mama Ndoo alimfikia kwenye ngazi ya kumi na nne, akatua ndoo zake mbili, akashika ukuta.

"Shikamoo mama. Pole."

"Marahaba. Nisogezee mguu nipite."

Miwani akasogea, lakini Mama Ndoo hakupita. Pumzi ilikuwa bado haijarudi. Kando yao, ukutani, lilipita bomba jeusi la maji machafu linaloshuka kutoka kwenye sinki za juu. Mtu alikuwa ananawa huko. Maji yakapita ndani ya bomba kwa sauti, shaaa, yakashuka hadi kwenye mtaro.

"Unayasikia?" Mama Ndoo alisema, si kwa ajili ya kufundisha mtu, ni uchovu tu uliosema. "Mimi nayapandisha, mengine yananipita yakishuka. Hata salamu hatupeani."

Msichana alitazama ndoo, akatazama bomba. Miwani ikamteleza, hakuirudisha.

"Mama, hebu rudia."

"Nirudie nini? Nisogezee mguu."

Baada ya siku mbili alirudi na mwenzake, kijana mrefu mwembamba waliyemwita Mlingoti. Walikuwa na futi ya kupimia. Walimweleza vizuri, zamu kwa zamu, wakikatizana. Watalikata lile bomba pale ghorofa ya kwanza, nje ya vyoo. Watayapitisha maji ya sinki kwenye chujio la kokoto, mchanga na mkaa, yaingie kwenye pipa kubwa la bluu lenye koki. Mama atafungua koki, atajaza ndoo, atatembea hatua sita hadi chooni. Basi.

"Hatua sita," alisema Mama Ndoo.

"Tano, ukikanyaga ndefu," alisema Mlingoti.

"Na likishinda?"

"Likishinda shule inalijenga moja kwa moja. La kudumu. Mwalimu ameahidi mbele ya wote."

"Na lisiposhinda?"

Wakatazamana. "Lisiposhinda linatolewa," Miwani alisema. "Bomba linarudishwa lilivyokuwa."

Mama Ndoo alikuwa ameshazoea kutotumaini, na mazoea hayo yalimsaidia sana. Yalikuwa kama viatu vya zamani, vibaya lakini haviumi. Sasa watoto hawa walikuja na futi yao wakamvua.

Walijenga kwa wiki tatu. Yeye ndiye aliyewaonyesha koki ya kufungia maji ya sinki ilipo, na saa ambazo sinki zina watu wengi. Alipowaona wanapepeta mchanga kwa mikono, aliwaletea wavu wa dirisha uliokuwa umelala stoo tangu ule mwaka wa kufuga samaki. Siku walipojaribu, maji yalishuka, yakapita kwenye chujio, yakatoka pipani yakiwa na weupe wa sabuni lakini bila harufu. Alijaza ndoo. Akatembea. Ilikuwa kweli hatua sita. Alimwaga, akarudi, akajaza nyingine, na aliporudi mara ya nne aligundua kwamba anatembea haraka kama mtu anayeogopa kufukuzwa.

"Dada, leo mbona mgongo umelegea?" msusi alimuuliza jioni.

"Usiuseme. Utasikia."

*

Shindano lilikuwa Ijumaa. Alhamisi mchana Mlingoti alikuwa amepiga magoti mbele ya pipa na kopo la rangi nyeupe, anaandika kwa herufi kubwa, nzuri, za kunyooka. Mama Ndoo alisimama nyuma yake na dekio. Alisoma polepole, midomo ikimchezacheza.

MAJI YA KUNAWA.

Alisoma tena. Kitu kilimkwaruza, kama punje ya mchanga kwenye wali.

"Mwanangu. Hapo umeandika maji ya kunawa."

"Ndiyo mama." Hakugeuka. Alikuwa kwenye mkia wa herufi ya mwisho. "Maji ya kunawa. Yaani yale yaliyotokana na kunawa. Kila kitu kinatakiwa kiwe na jina, ndiyo kanuni ya shindano."

"Ahaa."

Angeweza kusema zaidi. Alikuwa nayo kabisa mdomoni: lakini mtu akisoma si atadhani ni ya kunawia? Alilitazama lile neno, akamtazama kijana wa kidato cha tatu, akajitazama yeye wa darasa la nne. Labda ndivyo inavyoandikwa huko mbele, ambako yeye hakufika. Na kulikuwa na jambo jingine, alilolikiri baadaye tu. Rangi ilikuwa mbichi. Majaji walikuwa wanakuja asubuhi. Akisema, watafuta, watabishana, watamwita mwalimu, mwalimu ataanza kuuliza maswali, na pipa hili ambalo limebakiza usiku mmoja tu kuwa lake litaanza kutikisika. Hakutaka litikisike. Alichovya dekio, akaendelea na sakafu.

*

Majaji walikuwa watatu. Mmoja mwanamke mhandisi, ameshika kalamu kama sindano. Mmoja alisinzia tangu hotuba ya kwanza. Na mkubwa wao alikuwa bwana mnene, mchangamfu, wa ofisi ya mazingira, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Huyo alikuwa mtu wa kushika vitu. Meza ya kwanza chini uani ilikuwa ya kundi lililotengeneza mkaa kwa karatasi kuukuu, wameziloweka, wamezikamua kwa mashine ya mbao. Wengine walitazama, yeye alikunja mikono ya shati akakamua mwenyewe, akashika kila bonge, akasifu. Alipomaliza, viganja vilikuwa vyeusi hadi kwenye vifundo, na alama moja kwenye shavu.

"Tupande juu," mwalimu alisema, "tuone mradi wa maji."

Miwani alikuwa amesimama kando ya pipa na bango lake. Juu ya bango alikuwa ameandika: "Mimi nayapandisha, mengine yananipita yakishuka." Chini yake hapakuwa na jina la aliyesema. Mama Ndoo aliliona akiwa pembeni, kwenye mlango wa vyoo, amesimama wima na dekio kama askari. Alisoma lile neno lake mwenyewe, akalitambua kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani. Hakuudhika. Mradi pipa lishinde.

Majaji walipanda wakihema. Mkubwa alifika mbele kabla ya wenzake, akaona pipa safi la bluu, koki inayong'aa, na maandishi meupe. Akaviinua viganja vyake vyeusi.

"Lo! Mmenifikiria!" alisema. Akafungua koki.

Miwani alikuwa bado anamsubiri jaji wa tatu afike juu ndipo aanze kueleza. Mlingoti alikuwa ghorofa ya pili, kazi yake kunawisha watu ili maji yashuke. Aliyekuwa karibu ni Mama Ndoo, hatua tatu.

"Bwana," alisema. "Hayo si ya kunawa."

Jaji aligeuza uso kwa wema, maji yakimwagika mikononi. "Mama," alisema, akionyesha kwa kidevu, "imeandikwa hapa."

Imeandikwa. Mama Ndoo alitazama maandishi. Ni kweli yalikuwa yameandikwa. Miaka kumi na moja alikuwa ameishi chini ya vilivyoandikwa: usikanyage hapa, zamu yako hii, sahihi yako hapa. Mdomo wake ulifunga wenyewe, kama mlango wenye springi.

Jaji alinawa mikono mpaka ikatakata. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na joto na alikuwa na ile alama shavuni, akakinga maji viganjani akajimwagia usoni, akasugua, akapiga kelele ya raha. Akakinga tena, akasukutua.

"Maji safi sana," alisema. "Yanatoka wapi?"

Miwani aliligeukia jibu alilolikariri wiki nzima, na likatoka lenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeshaona ajali lakini mguu bado uko kwenye pedali. "Yanatoka kwenye kunawa, mheshimiwa. Mikono ya wanafunzi mia nne. Na vyombo vya maabara."

Ndani ya bomba, kutoka juu, yalisikika maji mengine yakishuka, shaaa. Mlingoti alikuwa anafanya kazi yake kwa bidii.

Jaji alitema. Alitema tena. Aliyekuwa anasinzia aliamka, akauliza nini, akaambiwa, akaanza kucheka ndani ya leso, na kicheko kile ndicho kilichomaliza kila kitu. Bila kicheko huenda bwana yule angesamehe. Mhandisi aliandika mstari mmoja kwenye karatasi yake. Jioni ulisomwa mbele ya shule nzima: mradi wa maji unaondolewa kwa sababu ya hatari kwa afya. Mkaa wa karatasi ulishinda. Mwalimu wa sayansi, uso umemshuka, alitangaza kwamba fundi bomba atalitoa pipa Jumatatu.

*

Mama Ndoo alimkuta Miwani stoo, amekaa juu ya gunia la chupa, miwani mkononi, macho yamevimba. Bila miwani alikuwa mtoto kabisa.

"Mama, wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Angeweza kusema tangu leo. "Tangu jana. Rangi ikiwa mbichi."

"Na hukusema!"

"Leo nilisema. Alinionyesha palipoandikwa."

"Jana! Jana ungesema!"

"Jana," Mama Ndoo alisema, akaegemea ukuta maana hapakuwa na mahali pa kukaa, palikuwa na baiskeli, "jana nililitaka lile pipa kuliko ninyi. Nikaogopa kuligusa."

Msichana hakusema ameelewa. Alivaa miwani, akatoka, na mlangoni alisema bila kugeuka, "Tulikuwa tumeshapata hatua sita." Akaenda.

Jioni msusi aliweka vidole kwenye nyonga akaviondoa. "Imerudi kuwa jiwe," alisema. Mama Ndoo alilala kifudifudi. Alikuwa anafikiria ngazi ya kumi na nne. Hakuwa na hasira na mtu. Hasira ina nguvu zake, na nguvu zilikuwa zimekwisha Ijumaa ile saa nne na nusu.

*

Jumatatu fundi bomba hakuja. Mama Ndoo alimsubiri kwa kutumia pipa, kwa aibu kidogo, kama mtu anayemalizia chakula cha msiba. Jumanne alitumia. Jumatano alikuja, kipande cha mtu chenye mkoba wa vyuma na utani usiokwisha.

"Mama Ndoo! Nasikia mmemnywesha mkubwa maji ya miguu."

"Ya mikono. Umekuja kulitoa?"

"Nimeambiwa." Akalizunguka pipa, akagonga bomba, akainama kwenye viungo. "Hawa watoto wamefunga vizuri kuliko mimi, usimwambie mtu. Haya, iko wapi karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Karatasi ya kazi. Mwalimu ameniambia kwa mdomo, koridoni, anakimbia. Mimi kwa mdomo sikati bomba. Mwaka juzi nilikata kwa mdomo, maji yakamwagika ofisini, wakaniuliza nani alikuambia. Nani aliniambia? Upepo. Isipoandikwa sigusi."

Mama Ndoo alishika dekio kwa mikono miwili. Taratibu sana, kama mtu anayeongea karibu na ndege asimrushe, alisema, "Basi subiri iandikwe."

"Nasubiri. Ikija niite."

Haikuja. Mwalimu wa sayansi hakuwa mtu mbaya wala mkaidi. Alikuwa na mitihani. Wiki ile ile mashine ya mkaa wa karatasi ilipigwa picha, ikapelekwa kwenye maonyesho, ikarudi imevunjika mguu, ikaingizwa stoo chini ya ngazi, na Mama Ndoo akasogeza gunia moja la chupa nje. Bango la shindano lilibanduka upande mmoja. Ilikuwa ni desturi ya pale, naye aliijua kuliko yeyote: siku ikishapita, hakuna anayerudi kuangalia. Miaka kumi na moja desturi hiyo ilikuwa imemchosha mpaka kwenye mifupa. Sasa alipita ndani yake kimya kimya, kama mtu anayepita mlango uliosahaulika wazi.

Ila lile jina lilimkera. Kila alipofungua koki aliuona uso wa bwana yule umelowa, unacheka. Akatafuta lile kopo la rangi, akalikuta na kidonge cha rangi chini, akakilainisha na mafuta ya taa. Ijumaa moja mchana, jengo likiwa tupu, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya pipa na brashi ya kusugulia sinki. Hakufuta. Aliona ni uharibifu wa herufi nzuri. Chini yake aliandika zake, zinazopanda na kushuka kama watu kwenye ngazi, na ilimchukua karibu saa nzima, ulimi nje. Alipomaliza, pipa lilisomeka hivi:

MAJI YA KUNAWA
YAMESHANAWIWA

Miwani aliliona wiki iliyofuata. Alikuwa hajaongea naye tangu ile siku ya stoo. Alisimama, akasoma, na kona ya mdomo ikamcheza.

"Mama, 'yameshanawiwa' hiyo..."

"Nini? Imekosewa?"

Msichana alifikiri. "Hapana," alisema. "Hakuna atakayekosea."

Akaweka daftari chini, akakunja mikono, akafungua kifuniko cha chujio, akanusa, akakunja uso. "Mchanga umeziba. Ulitakiwa kuoshwa kila wiki. Nani anauosha?"

"Nani unadhani?"

Waliosha wote wawili siku ile. Wiki iliyofuata Miwani alikuwa na mtihani, na iliyofuata pia, na Mama Ndoo aliosha peke yake, ameinama, mchanga wenye sabuni na nywele na wino ukimkwangua vidole. Nyonga ilikuwa imepungua kelele. Mikono sasa ndiyo iliyouma, mahali papya, maumivu mageni yasiyo na mazoea. Msusi alivigeuza viganja vyake jioni, akaviangalia.

"Sasa umeyahamishia huku."

"Huku hakuna ngazi."

Muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu wa sayansi alipanda na mzigo wa karatasi kifuani, kidevu kikiwa ndicho kinachoushikilia. Akapita pipa. Akasimama. Akarudi hatua mbili kinyumenyume. Mama Ndoo alikuwa anajaza ndoo, na hakuifunga koki. Kuifunga kungekuwa ni kukiri.

"Hili bado lipo?"

"Lipo, mwalimu."

"Si nilisema litolewe?"

"Ulisema. Fundi anasubiri karatasi."

"Karatasi." Mwalimu aliinamisha macho kwenye zile zilizokuwa kifuani kwake, mia na kitu, zote za kusahihisha. Kisha akasoma maandishi ya pipa, mstari wa juu, mstari wa chini. Alisoma tena wa chini. Mabega yakamtikisika kidogo, karatasi mbili zikadondoka. Mama Ndoo aliinama akaziokota kabla ya maji kuzifikia, akazirudisha juu ya mzigo, chini ya kidevu.

"Nitaiandika," mwalimu alisema, "nikipata nafasi."

"Haina haraka," alisema Mama Ndoo.

Mwalimu akapanda. Ndoo ilikuwa imejaa. Mama Ndoo akafunga koki, akaibeba. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.